Yeye wa Kiingereza

Jioni hiyo darasa la watu wazima liliandika aya moja ya Kiingereza kila mmoja kuhusu mtoto wake wa kwanza. Aya ya mama mmoja mshonaji ilikuwa na nomino na vitenzi vyote mahali pake, lakini mwalimu alizungushia wino mwekundu neno moja: "it".

"Mama, hicho ni kiwakilishi cha kitu. Mwanao ni 'he' au 'she'?"

"Kwetu tunasema yeye, yanaisha," alijibu mshonaji.

Fundi bomba mmoja akadakia kutoka nyuma, "Kiingereza hiki, mwalimu, hakitulii mpaka kimfunue mtu nguo!"

Darasa likaangua kicheko. Mshonaji alijaribu kucheka nao, midomo ikamkatalia. Mtoto wake alizaliwa kimya, akaondolewa amefunikwa shuka, na hakuna aliyemwambia alikuwa wa kike au wa kiume. Naye hakuthubutu kuuliza.

Nyumbani alimkuta mama mkwe akichambua mchele. Huyo ndiye aliyemwosha yule mtoto kabla ya kuzikwa.

"Mama, yule wangu wa kwanza alikuwa nani? Wa kike au wa kiume?"

Ungo ukatulia mapajani. "Wa kike, mwanangu. Nywele tele, kama zako. Nilinyamaza nikidhani nakupunguzia uchungu."

Mshonaji alilia mpaka kwikwi zikamwisha. Kisha akatoa ile aya, akachukua kalamu, akakata "it", na juu yake akaandika "she", taratibu.

Mama mkwe aliinama kutazama. "Ndiye huyo?"

"Ndiye, mama."