Teke la Sekunde Mbili

"Anasali," nilimwambia.

Nilikuwa nimeketi juu ya gunia la ndagala, dagaa wakavu, ndani ya kibanda cha Bora, mtaa wa Musinzira, Gitega, simu nimeibana sikioni kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika kikombe cha uji wa moto. Mjukuu wangu Husni alikuwa Amerika. Alikuwa ameomba kuzungumza na mama yake. Na mama yake, binti yangu Nuru, sikujua kama alikuwa hai.

"Bon, mi nitangoja, Bibi," akasema. "Sala si ndefu."

Sikuwa nimefikiria kwamba angengoja.

Ilikuwa Jumapili ya Oktoba, mwaka 2002, vita bado havijaisha. Nuru aliishi Muyinga akiuza vitenge, mimi nikiishi Gitega, na kati yetu kulikuwa na barabara ambayo watu walisafiri juu yake huku midomo ikisoma dua. Simu ya Bora ndiyo pekee tuliyoweza kuitegemea, kwa hiyo Nuru alikuwa aje kwangu asikie sauti ya mwanawe. Alipanda basi dogo Jumamosi. Jumapili asubuhi, Radjabu, dereva wa njia hiyo hiyo, alisimama mlangoni kwangu, kofia mkononi, akakataa kuketi. Basi lililomtangulia, lile alilopanda Nuru, lilipigwa risasi baada ya Karuzi. Dereva amekufa. Abiria wamekimbilia migombani.

"Nuru sikumuona kwa waliokufa, Mama," akasema. "Na kwa waliopatikana, sikumuona."

Namshukuru hata leo kwa kuyasema yote mawili. Mwingine angesema moja tu.

Kwa nini basi sikumwambia Husni? Kwa sababu saa mbili baadaye alikuwa anaingia uwanjani.

Mwaka 1993, vita vilipoanza, akiwa na miaka kumi na mitatu, alivuka mpaka wa Kobero na mjomba wake Waziri. Nuru alibaki kumtafuta mumewe, ambaye hakuonekana tena. Kutoka kambini Tanzania, mjomba na mpwa walipelekwa Amerika. Huko shuleni mwalimu mmoja alimwona akipiga kona, akamletea mpira mwingine, ule wa Kiamerika wenye umbo la papai, akamwambia ajaribu huo. Ikawa ndiyo kazi yake: kuupiga teke upite kati ya nguzo mbili. Mguu ule ulimsomesha hadi chuo kikuu. Sasa timu ya wachezaji wa kulipwa ilikuwa imemwita ghafla, maana mpigaji wao ameumia nyonga. Akipiga vizuri Jumapili hiyo, wanabaki naye. Akikosa, Jumatatu anafungasha.

Bora, mama wa Kikongo kutoka Uvira, alikuwa amecheka sana nilipomweleza kazi hiyo. "Mama Nuru, huyo mutoto iko anachezea watu akili! Wenzake wanagongana kama ng'ombe dume, ye anaingia, paf, anatoka. Nguo haina hata vumbi. Na wanamupigia makofi!"

Siku ile hakucheka. Aliniona uso, akainuka. Wateja wawili walikuwa mlangoni na vikapu. "Murudi kesho," akawaambia, "mizani imekufa," na mizani ilikuwa mbele yao, nzima kabisa. Kisha akanyoosha mkono akazima redio, kwa sababu habari zilikuwa karibu kuanza, na shambulio la Karuzi lingesomwa mle ndani, likapita katika simu hadi Amerika. Mimi nisingelikumbuka redio.

"Bado?" Husni akauliza.

"Bado. Hebu nieleze, unapiga vipi? Watu huku wananiuliza, sijui niwajibu nini."

Akanieleza. Nilimsikia akifurahi kuulizwa. Anarudi nyuma hatua tatu, kisha mbili pembeni. Mwenzake mmoja anapiga goti na kuusimamisha mpira kwa kidole. Mbele yao kuna watu wakubwa kama makabati wanaokuja kumkanyaga. Tangu mpira unarushwa hadi anaupiga hazifiki sekunde mbili. Nguzo zenyewe hazitazami. Anatazama mahali padogo tu pa mpira, kama ukubwa wa sarafu.

"Na moyoni unawaza nini?"

"Siwazi kitu, Bibi. Ukiwaza, umekosa."

Bora aliweka kiganja chake mgongoni kwangu na kukiacha.

"Mama anasali sana leo," Husni akasema.

"Anakuombea wewe."

"Huko ni saa ngapi?"

"Saa kumi na moja," nikajibu, bila kufikiri.

"Kumi na moja," akarudia.

Nilielewa kabla hajavuta pumzi. Mimi ndiye niliyemfundisha, akiwa na miaka saba, nikimkunja vidole kimoja kimoja: ukishasali alasiri, huongezi nyingine mpaka jua lizame. Na Nuru alikuwa haichelewishi alasiri yake hata akiwa na wateja kumi. Uongo niliochagua ulikuwa wa mtu asiyejua dini, na nilimdanganya mtoto niliyemfundisha mwenyewe.

Mtu alimwita kwa Kiingereza. Viatu vyake viligonga sakafu, ka, ka, ka, kisha vikasimama.

"Mwambie asiharakishe," akasema taratibu. "Mi nitapiga tena Jumanne. Bibi, na wewe nipe radhi."

"Nimekuridhia, mume wangu. Nenda."

Nuru alifika Jumanne kabla ya adhuhuri, akichechemea. Mkulima mmoja aitwaye Barnabé alimkuta migombani, akamficha na wanawake wengine wawili nyumbani kwake, akawalisha viazi vitamu. Barabara ilipotulia, aliwasindikiza kwa miguu hadi Mutoyi, ambako watu wa misheni waliwapa gari. Nuru alikuwa amevaa viatu vya plastiki vya mke wa Barnabé. Mama huyo hakuwa na vingine. Niliviosha, na Radjabu akavirudisha pamoja na kitenge.

Jioni ile simu ililia. Nuru alisema "Mwanangu", na Bora akatoka nje akajifanya anahesabu magunia.

Husni alikuwa amepiga mara mbili. Mpira wa kwanza ulipita nje ya nguzo. Wa pili ulipita katikati. Kila mpira ukipita huleta pointi tatu, na timu yake ilishindwa kwa tofauti ya pointi mbili. Jumatatu walimwambia afungashe.

Hakulaumu mtu. Alifundisha watoto shuleni, akipiga mpira peke yake alfajiri, hadi mwaka uliofuata timu nyingine ikamchukua. Ameifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja. Lakini mimi kila nilipoinama kusujudu niliuona mpira ule wa kwanza ukienda nje, na nilijua nani aliyeupiga.

Vita vilipotulia alikuja Gitega. Alikuwa mrefu, mgongo mpana, lakini aliketi nami kwenye mkeka nyuma ya nyumba, tukachambua maharage. Nuru alikuwa sokoni. Nikamwambia yote: Radjabu mlangoni, redio, mizani. Nikamwomba msamaha.

"Nilijua, Bibi. Sikujua ni nini, ila nilijua ni kibaya."

"Ungenikatia simu. Ungenigombeza."

"Sauti yako ilikuwa inatetemeka. Nilifikiri, nikiuliza tena, ataanguka."

Akatoa kijiwe kwenye maharage, akakitupa.

"Kocha alikuuliza kwa nini ulikosa?" nikauliza.

"Aliuliza. Nikamwambia ni upepo."

"Basi," nikasema, na nilihisi kifua kikifunguka kidogo. "Upepo ni kazi ya Mungu. Na yeye akasema nini?"

"Alinitazama sana. Halafu akanishika bega, hakuniuliza tena." Husni alikuwa ameinamia ungo, lakini niliona shavu lake likicheka. "Uwanja ule una paa, Bibi, umefungwa kote kama nyumba."