Pua ya Thankamani

Ammu, mjukuu wa miaka sita, ndiye aliyetoboa siri. Alikuwa ameusogeza uso karibu na simu huko Maskati, jino moja la mbele halipo, akamwambia bibi yake waziwazi: "Bibi, mafuta yako yananuka moshi. Mama aliyamwaga."

Simu ikanyakuliwa. Sreeja, mama yake, akacheka kicheko cha kubabaika, akasema mtoto huyu ana maneno, mafuta ni mazuri, nywele zinakua. Vilasini, bibi yake Ammu, akaitikia, "Haya, mwanangu," wakaagana. Kisha akaketi kwenye kizingiti cha jiko, mikono mapajani, mvua ikichuruzika kutoka vigaeni.

Homa ya mwaka uliopita ilikuwa imeondoka na uwezo wake wa kunusa. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Mumewe alifariki miaka saba nyuma, na nyumba iliyowahi kulisha watu kumi na mmoja sasa ilikuwa na sahani moja kichanjani. Chai ikawa maji ya moto tu, asumini zikawa weupe mtupu. Hayo aliyavumilia. Lakini mafuta ya nywele aliyofundishwa na mama mkwe hayakupikwa kwa saa wala kwa macho. Baina ya kuiva na kuungua palikuwa na nafasi ya kumeza mate mara mbili, na aliyeijua nafasi hiyo ni pua.

Siku ya pili asubuhi, mvua ilipokatika, alichuma maua ya hibiskasi, mrehani na majani ya mchuzi, akayaponda pamoja na vitunguu vidogo vyekundu na uwatu uliolowekwa. Akamimina mafuta ya nazi katika sufuria pana ya shaba, akawasha vifuu. Povu lilipoanza kutulia, akavuta pumzi juu ya sufuria, asipate harufu yoyote. Akavuta vifuu viwili nje ya moto, akaenda hadi ukutani.

Ng'ambo ya ukuta ule aliishi Thankamani, mjane wa shemeji yake. Wote wawili waliolewa katika nyumba moja, wakajifunza mafuta haya siku moja, mbele ya sufuria hii hii. Kisha siku ya msiba wa mumewe Vilasini, Thankamani akasema mbele ya wanawake wote: "Mtu ana homa, wewe unampaka mafuta kichwani! Baridi ndiyo iliyomwondoa." Ukuta ulijengwa mwezi uliofuata. Tangu hapo Vilasini alimjua jirani yake kwa kikohozi na kwa mlio wa ndoo kisimani.

"Thankamani!"

Ndoo ikanyamaza. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Njoo uninusie mafuta."

"Pua yako imekwenda wapi?"

"Imekwenda na homa."

Vilasini alikuwa amekwisha kugeuka aliposikia kandambili. Thankamani alizunguka kwa njia ya barabarani, maana ukuta haukuachiwa mlango, kichwa amekifunga taulo. Hakusalimu. Akachuchumaa, akauinamia mvuke.

"Bado. Na umezidisha uwatu, kama kawaida yako."

"Mama alitia hivi hivi."

"Mama alitia nusu. Wewe ulikuwa husikilizi, dada. Ulikuwa unamwangalia mumeo akipita uani."

Vilasini akainama kuficha kicheko. Thankamani naye akainamisha uso.

"Dada," akasema baadaye, "siku ile nilisema..."

"Koroga upande wako, yanashika chini."

Akakoroga. Mashapo yalizidi kuwa meusi. Vilasini hakuyatazama, alitazama matundu ya pua ya mwenziwe yakitanuka na kutulia, kutanuka na kutulia.

"Sasa! Ipua sasa!"

Wakaipua pamoja, kila mmoja na mkono wake wa sufuria. Wakayachuja kwa kitambaa, wakayaacha yapoe. Thankamani hakuaga. Mafuta yalipokuwa vuguvugu, aliketi kidato cha chini cha ngazi ya mlangoni, akampa Vilasini mgongo, akafungua taulo.

Nywele zile ziliwahi kufika kiunoni, na Vilasini alizionea wivu ujana wake wote. Sasa hazikujaza kiganja. Nyuma ya sikio palikuwa na kipara cha mviringo, laini, kipana kama kifuniko cha chupa.

"Hiki tangu lini?"

"Kipi?"

Vilasini akaweka kidole pale. Thankamani akapeleka mkono, akapapasa polepole, vidole vyao vikakutana.

"Sikujua," akasema.

Vilasini akachota mafuta tena, akaanza kusugua kuanzia pale, akizunguka, akirudi. Upande wa pili wa ukuta kifuniko cha chungu kilikuwa kikigongagonga, kisha kikaacha.

"Wali wangu unaungua," akasema Thankamani.

Lakini hakuinuka, wala Vilasini hakuiondoa mikono yake.