Ada ya Muziki Hai

Shangazi alikuwa anafuta meza ya dirishani kwa kitambaa kibichi pale marehemu mumewe alipoingia kwa mlango wa jikoni, akapangusa miguu, akauliza kama kiti chake bado kipo.

"Kipo," alisema Shangazi. "Ila angalia, mguu mmoja unacheza."

Alikuwa na gitaa lake, lile walilomzika nalo. Udongo ulidondoka sakafuni alipokuwa anakaza nyuzi, na Shangazi akaenda kuchukua ufagio. Alikuwa amemkumbuka mno, jamani, asidanganywe mtu. Lakini wateja walikuwa karibu kuingia, na sakafu ni sakafu.

Mtaa mzima ulimwita Shangazi, hata waliomzidi umri, na baa yake ilijulikana kwa muziki. Mumewe alikuwa akiimba ubeti wa kwanza, yeye akiupokea wa pili akiwa palepale kaunta, na rafiki yao mpiga ngoma akiwapelekesha mchakamchaka. Kisha ada ya kibali ikapanda, ikapanda tena, ikawa inatozwa kwa kila anayepiga au kuimba. Halafu mume akafariki. Ngoma ikageuzwa meza ya kuwekea kreti, wateja wakaanza kunywea majumbani kwao, na Shangazi akawa hajui kama baa itafika mwisho wa mwaka.

Jioni ile gitaa lilisikika mpaka barabarani, na watu wakarudi. "Marehemu, shikamoo!" walisema vijana. Wakubwa walimuuliza habari za huko, akasema nzuri, ila kuna baridi kidogo. Hakuna aliyekimbia. Walikuwa na kiu.

Haikupita wiki akafika Bwana Kibali. Ndivyo walivyomwita mkaguzi wa leseni, na wala hakuwa mtu mbaya. Alimchumbia mkewe kwenye baa hiyohiyo, muziki ukipigwa.

"Huyu ana kibali?" aliuliza.

"Huyu ni marehemu," alisema Shangazi.

Bwana Kibali alimshika marehemu mkono, akaona kweli ni wa baridi, akamwomba radhi kwa kumkatiza. Kisha akasoma sheria yake. Walioiandika bila shaka walikusudia muziki unaopigwa papo hapo mbele ya watu. Lakini waliandika "muziki hai, kwa kila mpigaji au mwimbaji aliye hai", na sheria husomwa ilivyoandikwa.

"Basi yeye haimhusu. Apige tu." Akamgeukia mpiga ngoma, ambaye vidole vyake vilikuwa vinagonga ukingo wa meza. "Na wewe, mzee?"

"Mimi bado nipo nipo."

"Basi vidole mfukoni, mzee wangu. Ukigonga, nakuhesabu."

Mpiga ngoma akatia mikono mfukoni. "Shemeji," alimnong'oneza Shangazi, "siku yangu ikifika, mtanizika na ngoma?"

"Hebu acha maneno yako!" alisema Shangazi. Lakini alikwenda akatoa kreti juu ya ile ngoma, akaipangusa vumbi.

Kisha akapiga moyo konde. "Na mimi nikiimba ubeti mmoja tu? Wa pili. Ndio wangu."

Bwana Kibali alitazama viatu vyake. "Mama, wewe uko hai. Ukiimba bila kibali nitakufungia baa. Mimi mwenyewe sipendi, lakini ndivyo ilivyo." Akaagiza bia, akakaa kusikiliza.

Tangu hapo marehemu huja kila jioni. Huimba ubeti wa kwanza, na ukifika wa pili hunyamaza, akaendelea kupiga polepole huku macho yake yakiwa kaunta. Wateja huinamia glasi zao. Shangazi huuma midomo, akafungua soda ambayo hakuna aliyeiagiza. Ubeti ukishapita bila mwimbaji, mumewe huingia wa tatu.

Jioni moja marehemu alimfuata Shangazi jikoni.

"Nisamehe, mume wangu," Shangazi alisema, na machozi yakamtoka. "Kila siku nakuacha peke yako pale katikati."

"Hujaniacha. Ubeti wako nakuwekea," alisema marehemu, akamfuta machozi kwa kidole chenye udongo. "Sina haraka, mke wangu."

"Najua," alisema Shangazi. Akanawa uso, akachukua ufagio, maana udongo ulikuwa umefika mpaka chini ya kaunta.