Tangazo la Sufuria

Mjukuu wangu Stella alipoteza sauti siku ya Jumatano, na Kariakoo muuza sufuria asiye na sauti ni sawa na duka lililofungwa. Nilikuwa nimehamia kwake Mchafukoge mwezi uliotangulia, baada ya kustaafu ualimu wa Kiswahili huko Peramiho. Nikamwambia kazi ya kunadi aniachie mimi.

"Bibi, kule watu hawazungumzi kama wewe," alinong'ona.

"Ndiyo maana ninakwenda."

Juu ya meza yake ya barabarani kulikuwa na kipaza sauti kidogo cha betri, kile kinachohifadhi maneno na kuyarudia kutwa. Cha jirani yetu Kitwana, muuza ndala, kilikuwa kimekwisha kuanza: wahi mwana, mzigo mpya, kitu na boksi, bei chee.

"Shikamoo, bibi," akasema Kitwana.

"Marahaba. Boksi liko wapi?"

"Boksi lipi?"

"Unanadi kitu na boksi, nami ninaona ndala zimefungwa kwa kamba."

"Bibi, hiyo ni kusema kitu kipya, hakijaguswa."

"Basi sema ni kipya."

"Nikisema hivyo nani atageuka?" Akamtazama Stella. "Dada, huyu umemtoa wapi?"

Nilikishika kile chombo, nikasafisha koo, nikarekodi tangazo lililonyooka, kisha nikafungua sauti hadi mwisho: "Ndugu wananchi, mnaarifiwa kwamba, kuanzia asubuhi ya leo, katika eneo hili..."

Sentensi ilikuwa ndefu, na sufuria pamoja na vifuniko vyake zilikuwa mwishoni mwake. Hakuna aliyezingoja. Kwa wafanyabiashara wa barabarani, sauti ya namna ile ina maana moja tu: amri ya kuhama imekuja. Mwanamkuu, muuza vikombe ambaye ndiye msimamizi wa safu yetu, alikusanya pembe nne za turubai lake na kukimbia. Kitwana alijitwika gunia, akapotelea upande wa Mchikichini. Wateja walibaki wamesimama, mmoja akiwa na ndala mguu mmoja.

Waliporudi, hakuna aliyecheka isipokuwa Kitwana. "Bibi umekinukisha," alisema. "Mimi nilishafika mbali, nikajiuliza, mbona amri inataja vifuniko?"

Mwanamkuu alifungua turubai na kutoa vipande vya vikombe. "Stella, mdogo wangu, meza yako ihamie nyuma. Wewe sina neno nawe. Ila sauti hii itatuua kwa presha."

Huko nyuma hakupiti mtu. Stella alishika ukingo wa meza, na kwa kuwa hakuwa na sauti, machozi yalimtoka kimya kimya.

Niliomba radhi kwanza, maana vikombe havikuwa na kosa, na nikaahidi kuvilipa. Kisha nikasema, "Mwanamkuu, nipe nafasi moja. Nikimkimbiza tena hata mtu mmoja, meza hiyo nitaibeba mwenyewe."

"Utaiweza?"

"Nimebeba madawati."

Aliguna, lakini hakukataa.

Nilikaa kwenye kigoda nikawasikiliza wanadi wote, kama nilivyokuwa nikisikiliza wanafunzi wakisoma kwa sauti. Lugha yao ilikuwa na utaratibu, niseme haki. Bidhaa hutangulia. Na hakuna aliyesema na umma. Kila mmoja alimchagua mpita njia mmoja, akamchokoza huyo. Jambo hilo nililijua kabla ya wao kuzaliwa. Darasani ukisema "watoto, nyamazeni," kelele huzidi. Ukisema "Tarsis," chumba kizima hutulia.

Nikarekodi upya, kwa sauti yangu ya darasani:

"Sufuria. Wewe mama mwenye kikapu. Ndiyo, wewe. Wali wako wa jana uliungua. Njoo uchukue sufuria nzito, bei chee."

Neno hilo "chee" nilikubali kulitumia, kwa kuwa ni fupi na halimdhuru mtu. Kitwana alitaka niongeze na "mwana." Nilimwambia mwana wangu yuko Songea.

Mwanamkuu alisimama kando, mikono juu ya pembe za turubai, tayari kukimbia. Kipaza sauti kikaanza. Mwanamke mmoja akasimama ghafla katikati ya njia, akatazama kikapu chake, akatutazama sisi.

"Nani kawaambia?" akauliza, akaja. Nyuma yake wakaja wawili wakicheka, kila mmoja akimsukuma mwenzake kwamba ndiye aliyetajwa. Stella alikuwa akifungua kamba za sufuria kwa mikono miwili, na hakuna meza iliyokunjwa safu nzima.

Wateja walipopungua, Mwanamkuu aliliachia turubai, akatusogelea. Mkononi alikuwa na kikapu cha chakula chake cha mchana.

"Meza ibaki hapa hapa," alimwambia Stella. Kisha akanigeukia. "Ila bibi, wali wangu mimi haukuungua."

"Sikukutaja."

"Umesema mwenye kikapu."

"Fungua tuone."

Hakufungua. Aliinama juu ya meza na kuanza kugonga matako ya sufuria, moja baada ya nyingine, akitafuta iliyo nzito.