Mengineyo

Majina sitaji. Kanuni za utafiti zinakataza kuwataja washiriki, hata kwenye ukurasa wa shukrani, na mimi nina shukrani za kujaza gunia. Basi nitawasimulia hivi hivi.

Mchana nilikuwa makamu wa mwalimu mkuu, jioni mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya uongozi wa elimu. Tasnifu yangu ilihusu jambo moja tu: kwa nini walimu hunyamaza kwenye vikao. Wa kwetu walikuwa mabingwa. Mkuu akifika mwisho wa ajenda na kuuliza, "Mengineyo?", wote wanatazama viatu. Nikapanga kukaa pembeni ya chumba cha walimu muhula mzima, nikiandika nani kasema na nani kanyamaza. Na kwa kuwa lazima uombe ridhaa, niliwaeleza wote ninachotafuta. Hapo ndipo nilipolikoroga.

Kikao cha kwanza, mwalimu wa hisabati alisimama kabla salamu hazijaisha. Akazungumzia chaki mpaka mkuu akakaa chini. Mwalimu wa michezo akadakia na nyavu zake. Hata mwalimu wa kemia, tuliyembandika jina la Bubu kwa sababu salamu yake ni kuinua nyusi, alisimama akasema choo cha wasichana hakina mlango na ni aibu yetu sote. Kila aliyemaliza alinikonyeza.

Nikamvuta wa hisabati kwenye korido. "Mnafanya nini nyie?"

"Tunakusaidia, dada. Wala usitushukuru."

"Mnanimaliza! Nachunguza watu wanaonyamaza. Sasa nitamchunguza nani?"

Akashika mdomo. "Mungu wangu! Sisi tuliona utakosa cha kuandika."

Niliwabembeleza wanyamaze kama zamani. Thubutu! Walishaonja. Muhula ukaisha watu wanagombea zamu ya kusema, na chuo kilikuwa kimeshaniongezea muda, hakingeniongezea tena. Nikampelekea msimamizi wangu zile kurasa nikijua safari imeishia hapo. Mama yule hacheki ovyo. Alisoma, akavua miwani.

"Wamesema sana. Umewauliza kwa nini?"

"Kunisaidia tu, mama."

"Hilo ni jibu lako. La kwao je?"

Nikarudi, nikawauliza mmoja mmoja. Wengi walicheka wakasema ni kwa ajili yangu. Bubu hakucheka. Alikuwa anasuuza chupa za maabara, akafunga bomba kwanza.

"Mwanzoni, ndiyo, kwa ajili yako," alisema. "Ila niliposema habari ya choo, uliandika. Mkuu akaiona kalamu yako inakwenda, naye akachukua yake. Wiki iliyofuata fundi akaja. Makamu, mimi nilipohamia hapa nilikuwa nasema. Hakuna aliyeinua kichwa, nikaacha."

Tasnifu nzima ikageuka pale pale, kando ya lile sinki. Niliiandika upya kwa hasira na furaha, huku mume wangu akiwalisha watoto mayai kila jioni bila kulalamika, Mungu ambariki. Watoto, sina hakika.

Siku ya utetezi walimu walijaa viti vya nyuma. Nilikuwa nimewaapisha: atakayefungua mdomo atanitambua! Watahini walinibana hadi jasho likanitoka, wakatoka nje, wakarudi. Mwenyekiti wao akasema nimefaulu. Nyuma kimya, wote wanatazama viatu, maskini, wanavyonitii.

Mwenyekiti akafunga faili lake. "Haya. Mengineyo?" akauliza, kwa mazoea tu.

Kiti kikalia. Bubu alikuwa amesimama.

"Mimi ninalo," alisema. "Ule mlango upo mpaka leo, na unafungika."

Mwenyekiti hakuelewa hata chembe. Lakini alichukua kalamu, akaandika. Mimi ndipo nilipolia.