Mimea ya Nyuma ya Jiko

Jumanne, saa mbili na robo asubuhi, Mwalimu Twaiba alikuwa katika maabara ya shule huko Msambweni, akichemsha maji ya kuulia mimea. Mimea ya jamii ya kalankoe, yenye majani manene yanayoweka maji, haifi kwa kubanwa tu. Ukiilaza ndani ya magazeti na kuiwekea mbao juu, huendelea kuchipua gizani kwa wiki kadhaa, na kielelezo chote kikaharibika. Kwa hiyo kila mmea huchovywa kwanza katika maji yanayochemka, kwa muda wa nusu dakika, ndipo ukabanwa. Twaiba alifundishwa hivyo chuoni na hakuwahi kuona sababu ya kufanya vinginevyo.

Kazi yenyewe alipewa na kampuni iliyokusudia kujenga hoteli juu ya ardhi ya matumbawe mkabala na kisiwa cha Funzi. Kabla ya kujenga, kampuni ilitakiwa kuorodhesha mimea yote iliyokuwapo, na fomu ilikuwa na safu mbili: Iliyopandwa na Iliyojiotea. Palipokuwa na mimea iliyopandwa palihesabiwa kuwa palikaliwa na watu, na watu hao walikuwa na haki ya kurudishiwa makaburi yao na viwanja vya nyumba zao. Palipokuwa na iliyojiotea palihesabiwa kuwa pori.

Twaiba alikuta aina mbili za kalankoe. Ya kwanza ilikuwa na maua ya manjano yaliyosimama wima, nayo ilitapakaa kila penye mwamba. Hiyo ni ya mwituni, haina ubishi. Ya pili ilikuwa na maua yanayoning'inia kama vikengele, na majani yake huzaa vichipukizi pembezoni, katika kila pengo la meno yake. Asili yake ni Bukini, kile kisiwa kikubwa ng'ambo ya bahari. Aliikuta katika vishada saba tu, vilivyoachana kwa nafasi ya kadiri ya uga wa nyumba.

Akamuuliza Bi Subira, aliyekuwa akilima kando ya mpaka.

"Shikamoo, Bi Subira. Mimea hii ilipandwa na nani?"

"Marahaba. Hiyo?" Bi Subira aliitazama kalamu kabla ya kuutazama mmea. "Magugu hayo, mwanangu. Yamejiotea."

Akatia alama ya dole gumba kwenye fomu kuthibitisha, na Twaiba akaiandika mimea yote katika safu ya pili.

Sasa, maji yakiwa yameshachemka, Twaiba alifungua daftari lake. Ilikuwa desturi yake kuita vielelezo kwa namba kabla ya kuvichovya, kama aitavyo wanafunzi, ili kisipotee hata kimoja.

"Namba moja." Kimya. Hiyo ilikuwa ya mwituni. "Namba mbili. Namba tatu." Kimya; hizo nazo zilikuwa za mwituni. "Namba nne."

"Nipo, mwalimu."

Twaiba akatia alama ya vema. Kuzungumza kwa mmea hakukumshughulisha sana. Kilichomtia shaka ni wepesi wa jibu. Katika miaka kumi na tisa ya kufundisha alikuwa amejifunza kuwa anayejibu upesi namna ile ana jambo.

"Nani aliyekufundisha kujibu?"

"Hakuna. Umeita, nimeitika."

"Na pale nilipokuchuma, nani aliyewapeleka?"

"Bi Mwanarusi. Alitutoa kwa shangazi yake huko Jego, akiwa ametufunga katika pindo la kanga ya kisutu, mwaka wa mafuriko. Akatupanda nyuma ya jiko kwa ajili ya masikio ya mtoto. Jani hupashwa moto, maji yake yakakamuliwa sikioni."

Twaiba alizima moto. Kisha alifanya kama afanyavyo anaposhuku kuwa wanafunzi wamenakiliana katika mtihani: alivitenga vielelezo saba vya mmea wa Bukini. Kimoja akakiweka katika kabati la asidi, kimoja katika ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu, kimoja katika ghala la vifaa vya michezo, na vingine vinne mbali mbali vivyo hivyo, akavihoji kwa maswali yale yale. Majibu yalilingana, ila si neno kwa neno. Kilichokuwa nyuma ya jiko la Issa, jirani yake Mwanarusi, kilisema watu waliofika na kamba za kupimia ardhi walikuwa watatu. Kilichokuwa kwa Mwanarusi kilisema wanne, mmoja alibaki garini. Vyote vilisema wenyeji waliambiwa waondoke kwa siku tatu ili upimaji ukamilike. Vyote vilisema hakuna aliyerudi, kwa kuwa siku ya nne palikuwa pamezungushiwa ua. Vyote vilisema Mwanarusi hakuondoka, kwa sababu alikuwa amezikwa mwezi mmoja kabla, hatua kumi na mbili kutoka jikoni kwake.

Tofauti ndogo kama hizo ndizo zilizomfanya Twaiba aamini. Waliofundishwa uongo hawatofautiani.

Jioni akamwita Bi Subira shuleni. Mama huyo alisimama mlangoni mwa maabara bila kuvua viatu, kama mtu ambaye hakuamua bado kama ataingia.

"Subira," ikasema namba nne, "sikio limepona?"

"La kushoto limepona," alijibu Bi Subira. "La kulia hunisumbua wakati wa upepo wa kusi." Ndipo akaketi.

"Mwanarusi alikuwa mama yako," akasema Twaiba.

"Alikuwa mama yangu."

"Kwa nini uliniambia mimea yake imejiotea?"

"Mwaka jana jirani yetu Kheri alisema ile minazi ya kiwanja cha pili cha kampuni ni yake. Polisi wakamlaza kituoni siku mbili, ati ameipanda juzi ili apate haki. Minazi ina kimo cha mnara wa msikiti, mwalimu! Mara ukaja wewe na kalamu ya kampuni, unauliza nani amepanda. Ulitaka nikujibuje?"

Twaiba alilifunga daftari. Alisema tu kwamba fomu itapitishwa Alhamisi, na kwamba wataifuata pamoja kwenye ofisi ya kampuni.

Afisa wa kampuni, jina lake Hesbon, alikuwa mtu wa bara mwenye adabu na meza safi. Aliwakaribisha ofisini Ukunda, akautazama mkebe ambamo Twaiba alikuwa ameupanda mmea.

"Madam, usiniambie huyo ndiye shahidi."

"Ndiye."

"Sawa. Tumsikize." Aliukaribia mkebe. "Wewe unaitwa nani?"

"Namba nne."

"Ulipandwa?"

"Mama wa mama yangu alipandwa na Mwanarusi."

"Sijauliza habari za nyanya yako. Nimekuuliza wewe."

Mmea ukanyamaza. Twaiba akashuku kuwa unatafuta uongo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ualimu akatamani anayehojiwa adanganye.

"Mimi nilidondoka kutoka kwenye jani," ukasema mmea.

"Ukajiotea."

"Nikajiotea."

Hesbon akaandika. Twaiba akamweleza kwa utaratibu, kama anavyoeleza ubaoni, kwamba iko mimea iliyolowea: huletwa kwa mkono wa mtu, kisha ikazaliana yenyewe hata mtu huyo akiondoka. Si ya mwituni, na haiwezi kufika mahali bila mtu. Hesbon alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuelewa, madam. Lakini safu ni mbili." Akalifungua jalada, akaweka kidole juu ya alama ya dole gumba. "Na mama mwenyewe alishasema."

"Mimi nami sikupandwa," akasema Bi Subira. "Nilidondoka pale pale."

"Pole, mama," akasema Hesbon, na alionekana kumaanisha. Katika nafasi ya maelezo mengineyo aliandika: Mmea huzungumza. Hutamka vizuri. Kisha akapiga muhuri.

Ua mpya wa kampuni ulimalizika kabla ya mvua za vuli. Kwa kuwa habari ya mmea ilikuwa imeenea, kampuni iliweka kibao langoni: Ni marufuku kuingia na mmea unaozungumza. Hakuna aliyeona kibao hicho kuwa cha ajabu. Mimea iliyokuwa ndani haikung'olewa, kwani katika orodha ilikuwa mimea ya pori, na pori lilipendeza katika picha za hoteli.

Ijumaa moja, baada ya sala, Bi Subira alikwenda langoni na kikapu. Mlinzi, kijana wa Mkongani aitwaye Karisa, alimwamkia vizuri, akamwomba akifungue. Alikipekua mpaka chini, akakunjua hata kitambaa kuona kama hakina jani. Hakukuwa na kitu ila chupa ya marashi na ubani kidogo.

"Vya nini hivi, bibi?"

"Vya kaburini."

"Humu hamna kaburi, bibi. Nimeonyeshwa karatasi."

Upande wa pili wa ua, kishada kilichokuwa karibu zaidi kikatikisika.

"Subira," kikaita, "umefika?"

Karisa alimrudishia kikapu kwa mikono miwili bila kufungua lango, akageuka, akajibu kwa niaba yake.

"Amefika. Anarudi."