Mchawi Haandiki

"Natamka moto," alisema Lyle Brekke, akanyoosha mkono juu ya meza kana kwamba ukuta wa jikoni ungewaka kweli.

Stan Kulas, mwenye bucha pale mjini, aliacha kutafuna. Wendell Tollefson, ambaye nyumba ilikuwa yake na ndiye aliyekuwa msimulizi na mwamuzi wa mchezo, aliinamisha uso nyuma ya kadibodi iliyoficha dadu zake.

"Moto umeshautumia, mzee," Stan alisema. "Umewachoma mazimwi wa darajani sasa hivi tu. Hata kahawa yangu haijapoa."

"Acha ujinga wako, Stan. Sijatamka kitu tangu tuingie pangoni."

"Basi wale mazimwi wamejichoma wenyewe kwa aibu!"

Stan alicheka peke yake. Kisha akamtazama Lyle usoni, na kicheko kikamkauka. Lyle alikuwa akiwaangalia mmoja baada ya mwingine, akimtafuta yule ambaye angekiri kwamba huu ni utani tu, wamemchezea, yaishe.

"Tuishie hapa leo," Wendell alisema. "Theluji inazidi."

Theluji haikuwa ikizidi. Ilikuwa imelala kimya kwenye mashamba yote yale ya Wisconsin, na jua la alasiri likiipiga.

Walianza mchezo huu wakiwa vijana, na sasa wote watatu walikuwa na miwani ya kusomea. Stan alikuwa mpiganaji, mtu wa upanga na deraya ya chuma. Lyle alikuwa mchawi. Wendell aliwasimulia mapango na majitu, dadu zikaamua nani apone. Na kila Jumamosi, kabla hata ya kahawa kumiminwa, walibishana jambo lile lile: vita ikianza, nani mbabe, mwenye upanga au mwenye uchawi?

Ubishi huo ndio uliozaa sheria yao. Zamani hizo Stan alilalamika kwamba mchawi akishakomaa anamaliza chumba kizima cha maadui kwa neno moja, wakati yeye bado anahangaika na kamba za ngao. Katika mchezo, mchawi huchagua maneno yake machache kila asubuhi, na akishatamka neno, linafutika kichwani mpaka alale tena. Nyumba nyingine watu huyaandika kwenye karatasi. Lyle, enzi hizo akiwa na nywele, ndiye aliyesema kwamba hapa kwao mchawi haandiki. Atamnong'oneza msimulizi maneno yake mwanzoni mwa mchezo, basi, na msimulizi hatamkumbusha. "Nikisahau, shauri yangu," alisema. "Lazima nami niwe na pa kupigwa." Stan akaridhika, wakapeana mikono.

Lyle hakuwahi kusahau hata mara moja, mpaka baridi ya mwaka huu.

Siku iliyofuata Marlys, mkewe Lyle, alifika mlangoni kwa Wendell na bakuli la tambi lililofunikwa karatasi ya jikoni. Watu wa huku hatujui kuomba msaada mikono mitupu.

"Shemeji, ingia. Baridi hiyo."

"Siingii, nimemwacha peke yake." Alimkabidhi bakuli. "Jana amelia garini, Wendell. Njia nzima. Ananiuliza kama mnamcheka."

"Hatumcheki."

"Najua. Daktari kasema itakuwa hivi, na itazidi. Lakini hii Jumamosi ndiyo aliyobaki nayo. Ng'ombe wameuzwa, gari nimemnyang'anya ufunguo. Akiacha kuja huku, atakaa dirishani tu." Alijifuta pua kwa glavu. "Mpe mhusika mwingine wa kucheza, si mchawi. Asiyehitaji kukumbuka. Nikimwambia mimi ataona namsimanga, na Stan atafanya mzaha. Mwambie wewe."

Wendell alisema atamwambia, kisha akasimama na lile bakuli mpaka likapoa mikononi.

Alikuwa dereva wa lori la maziwa. Alfajiri alizunguka mashambani, akavuta maziwa kutoka matangi ya wakulima na kuyapeleka kwenye kiwanda cha jibini. Kazi yenyewe si kuendesha, kama watu wanavyodhani. Kazi yenyewe ni pua. Kabla ya kuunganisha bomba, dereva hufungua mfuniko wa tangi, anaingiza kichwa, ananusa. Maziwa yakiwa yameharibika hayachukui, na anamwambia mwenyewe pale pale, akimtazama machoni. Kuna madereva waliokuwa wakitetemeka kwa hilo. Wendell hakutetemeka, ila hakuwahi kulizoea.

Julai moja, miaka mingi nyuma, mashine ya kupoza ya Lyle ilikufa usiku. Wendell alifungua mfuniko, akanusa, akafunga.

"Hapana, Lyle," alisema.

Lyle alizungusha koki ya chini kwa mkono wake mwenyewe, maziwa ya siku mbili yakatiririka mtaroni, meupe, yakiwavuta nzi. Jumamosi alikuja kucheza kama kawaida, kabeba jibini mbichi, hakutaja kitu. Marlys ndiye aliyemwambia Wendell baadaye kwamba Lyle alimshukuru moyoni. Kama Wendell angeyachukua kwa huruma, angeharibu lori zima, na maziwa ya majirani wote humo.

Siku hizi lori halikati kona kwenda kwa Brekke, zizi ni tupu. Lakini wiki ile yote, kila Wendell alipokaribia sanduku lile la barua lenye jina lao, mguu ulikwenda wenyewe kwenye breki.

Mpango alioupata haukumpendeza. Hangemwambia Lyle kwamba akili inamtoka. Angebisha tu, kama Jumamosi zote, kwamba mpiganaji ndiye mbabe, na safari hii wangemshinda, ili achukue upanga kwa hiari yake. Stan aliambiwa, akakubali. "Nimengoja maisha yangu yote kushinda ubishi huu," alisema, "na sasa sitaki."

Jumamosi ikafika. Lyle aliingia akiwa amevaa shati safi lililofungwa vifungo visivyolingana. Akazunguka meza mpaka kwa Wendell, akaweka kiganja begani pake, akainama sikioni kunong'ona maneno yake ya siku.

"Hazel," alinong'ona. "Pansy. Dot. Clara Mdogo."

Wendell aliyajua majina hayo. Yaliandikwa kwa chaki juu ya vibanda vya zizi la Lyle, upande wa mlangoni, na Clara Mdogo alikuwa na doa jeusi jichoni.

"Sawa," alisema. Akazipanga dadu nyuma ya kadibodi.

Stan alimimina kahawa, akaanza kazi aliyopewa. "Nimewaza, bwana. Mchawi huyu wako tunambeba tu. Kwenye vita mpiganaji ndiye mambo yote."

Lyle alinyanyua kichwa. "Nani kakudanganya?"

"Mimi napiga asubuhi mpaka jioni. Upanga hauishi. Wewe ukishatamka vineno vyako unabaki kujificha nyuma ya mgongo wangu."

"Na mgongo upo mpana, namshukuru Mungu." Lyle alivuta kiti. "Haya, nikuulize. Upanga wako unamfikia nani? Aliye mbele yako. Mmoja. Wenzake watano wanakuzunguka huku wewe unachomoa upanga mbavuni mwa yule wa kwanza."

"Nina deraya."

"Deraya inazuia usingizi? Inazuia moto? Mimi niko nyuma, mbali, hawanifikii. Natamka neno moja, chumba kizima chali."

"Na mwanzoni?" Wendell aliingilia. "Mchawi mchanga paka tu anamwua."

"Mwanzoni mchawi ni takataka, sikatai. Unamlinda kwa sababu unajua utamhitaji." Macho yake yalikuwa yamewaka, na mkono wake ulipanga vikombe mezani kuwa maadui, hiki hapa, hiki pale. "Kosa lenu ni kipimo. Mnahesabu mapigo ya siku nzima, hapo Stan atashinda daima. Hesabuni saa ile moja ambayo bila mchawi wote mngekufa. Ni saa moja tu! Lakini bila hiyo hamna siku ya kuhesabu."

Stan alimtazama Wendell. Hakuna lililokosekana katika hoja ile. Ilikuwa nzima, kali kuliko miaka yote, na Wendell aliyekuja kuishinda akajikuta anafurahi kushindwa. Matumaini yalimpanda, ya kijinga kabisa. Labda wiki iliyopita Lyle alikuwa amechoka tu.

"Nimekoma," Stan alisema, na hakuwa akiigiza. "Tucheze."

Wakacheza. Majitu walishuka kutoka mlimani na kuvunja lango la mji. Mpiganaji wa Stan alisimama langoni peke yake, akapiga mmoja, akapigwa na watatu, akaanguka kwa goti moja. Saa yenyewe ilikuwa imefika, ile ya kuhesabiwa.

"Lyle," Wendell alisema. "Zamu yako."

Lyle alinyoosha mkono juu ya meza.

"Natamka," alisema.

Walingoja. Mkono wa Lyle ulibaki hewani, na midomo yake ilitafuta bila kupata.

"Wendell," alisema taratibu. "Nilikunong'oneza nini?"

Sheria ilikuwa msimulizi hamkumbushi mchawi. Stan, akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, alimwashiria Wendell kwa kichwa: sema moto, sema tu moto, nani atajua. Na neno lilikuwa tayari mdomoni mwa Wendell. Lingekuwa rahisi. Majitu wangeungua, Lyle angecheka, na Jumamosi ijayo wangedanganya tena, na ile ya baadaye, mpaka Lyle mwenyewe asijue tena kwamba kuna aliyewahi kumheshimu.

Wendell alisimama, akaizunguka meza, akaweka kiganja begani pa rafiki yake. Akainama na kumnong'oneza sikioni yale majina manne, moja baada ya jingine, kama alivyoyapokea.

Lyle alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Ng'ombe wangu," alisema.

"Ndiyo."

"Walikuwa wazuri."

"Wazuri sana, Lyle."

"Clara Mdogo alikuwa ananilamba mkono. Mpaka siku ile wanampandisha lori." Alifumbua macho. Yalikuwa yamejaa maji, lakini yalikuwa ya mtu anayejua alipo. "Hakuna hata mmoja wao anayeweza kuchoma jitu. Au yupo?"

"Hapana, Lyle."

Lyle alitikisa kichwa polepole, kukubali.

"Tunaweza kuandika," Stan alisema. "Sheria gani hiyo, bwana, ya watoto. Tuandike."

"Mchawi haandiki," Lyle alisema. "Nitakuwa nakuibia wewe."

Alichukua kisanamu chake cha mchawi kutoka mezani. Rangi ya kofia ilikuwa imetoka yote kwa kushikwa. Akakitia kwenye mfuko wa shati, kisha akajaribu kufunga kifungo cha mfuko na kifungo kikamshinda. Stan akapeleka mikono yake mikubwa ya buchani, akamfungia.

"Haya, nipeni huo upanga," Lyle alisema. "Ingawa mnajua ni mbinu ya wavivu."

"Mchukue wangu." Stan alimsukumia kisanamu cha mpiganaji. "Ana nguvu za fahali na akili zangu mimi."

"Maskini." Lyle alicheka kidogo, akajifuta uso kwa mkono wa shati. Akamgeuza yule mpiganaji huku na huku, akimchunguza kama mtu anayenunua jembe. "Anatakiwa akumbuke nini?"

"Hakuna," Wendell alisema. Alikuwa amerudi kitini pake, na alishukuru kwamba kadibodi ilikuwepo. "Rusha tu."

Lyle alirusha. Dadu ilibiringika, ikagonga kikombe, ikasimama. Wendell akamsimulia jinsi upanga ulivyozama pajani mwa jitu, na jitu likapiga ukelele uliosikika mpaka ng'ambo ya mto. Lyle akatabasamu. Kisha akageukia dirishani, theluji ikamshika macho kwa muda, na alipoirudia meza uso wake ulikuwa umelegea, wa upole, unauliza.

"Zamu ya nani?"

Ilikuwa zamu ya majitu. Dadu zao zilikuwa tayari mkononi mwa Wendell.

"Yako," alisema Stan.

Lyle akarusha. Jitu likayumba. Alicheka kwa sauti, akapiga meza kwa kofi, akawatazama wote wawili.

"Zamu ya nani?"

Wendell alizifumba dadu za majitu kiganjani, chini ya meza, akazishikilia.

"Yako, Lyle."